Vitenzi Kumi na Vinne

3 Februari

Kwa Mama Chiriku,

Salamu nyingi, na ziwe zimekukuta mzima, goti lako limetulia. Mimi sijambo kiasi. Presha inapanda na kushuka inavyojisikia, na daktari amenikataza chumvi, kwa hiyo nakula kama mgonjwa ingawa sijioni mgonjwa. Chiriku ananiambia umehamia vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, na kwamba kelele za mashine hazikusumbui. Nimeshangaa kidogo, maana enzi zetu ulikuwa hutaki hata nikohoe ukiwa na kazi mezani.

Najua hukutarajia kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na mmoja. Mlaumu mchapishaji. Si yule mzee tuliyemzoea, ni binti yake, ndiye anayeendesha kiwanda sasa. Alikuja hapa nyumbani wiki iliyopita akiwa na kitabu chetu cha vihusishi vya Kiingereza mkononi, kimechakaa, gamba limebandikwa kwa gundi. Anasema walimu bado wanakiulizia. Watoto wanaandika Kiingereza kwa kubahatisha: neno lisilohitaji kihusishi, kama "for" au "about", wanalipachika, linalohitaji wanaliacha uchi. Anataka chapa ya nne. Sharti lake ni sahihi mbili, yangu na yako, kabla ya mwisho wa Novemba. Tukishindwa, kazi atampa mtu mwingine na chetu kitakufa hivihivi.

Meza ile ipo palepale dirishani, sijaisogeza. Kadi za nomino zangu zimo kwenye kopo la biskuti. Vitenzi vyako unavyo wewe, maana ulipoondoka ulibeba sanduku moja la viatu lenye kadi zako na hukuchukua kingine, hata sufuria. Mara nyingine nakaa pale na chai yangu nikakumbuka tulivyokuwa tukifanya: nasoma sentensi yenye pengo, wewe unagonga meza mara moja kama neno ni mseja, halitaki kihusishi, mara mbili kama lina mwenza wake. Darasa zima la watoto lilikuwa likigonga madawati hivyo, hadi mwalimu mkuu akadhani mvua ya mawe.

Mama Chiriku, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo.

Ni mimi,
Baba Chiriku


20 Februari

Baba Chiriku,

Salamu nimezipokea. Goti liko vilevile, linaniuma nikipanda ngazi, na hapa hakuna ngazi, kwa hiyo tumepatana. Pole na presha. Chumvi uliipenda mno, nilikwambia.

Ukisema yaliyopita si ndwele, wewe huiugui. Anayeugua ni mimi. Umeandika kurasa mbili na hukugusa palipo na kidonda, kwa hiyo nitapagusa mwenyewe, tusije tukajifanya tumesahau.

Vitenzi vilikuwa vyangu, nomino zako. Kila mwalimu alijua hivyo, maana tuliandika kwenye gamba la ndani. Chapa ya tatu ilipotoka, vitenzi kumi na vinne vilikuwa vimepachikwa vihusishi visivyo vyake. "Discuss" ilipewa "about", "request" ikapewa "for", "enter" ikapewa "into" hata mtu anapoingia chumbani kwake. Sikuviandika mimi. Mimi nilikuwa kwetu wiki mbili nikimuuguza mama, na wewe ukaenda kiwandani peke yako. Nilijua ni wewe kwa sababu nadharia yako naijua: kama nomino ina kihusishi, basi na kitenzi kilichoizaa lazima kiwe nacho, mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilikwambia mara mia kwamba Kiingereza hakina adabu hiyo. Mzazi anaweza kutembea peke yake na mtoto akahitaji kushikwa mkono.

Halafu ukaja mkutano wa walimu. Yule wa miwani akauliza mbele ya watu mia tatu, nani alifanya vitenzi? Ukasimama ukasema, "Vitenzi ni vya mwenzangu." Ukakaa. Maneno manne, Baba Chiriku, yote ya kweli, na hujawahi kusema uwongo mkubwa kuliko huo. Wakacheka. Mwaka ule wakaniondoa kwenye jopo la watunga mitihani, na walimu vijana wakanipa jina, Mama Kumi na Nne. Nilikuwa nikilisikia nikipita varanda za shule ambamo haohao niliwafundisha kusoma.

Nitatia sahihi siku utakapoandika kwenye utangulizi wa kitabu, kwa jina lako, nani aliyevibadili. Sitaki zawadi, wala kikao cha wazee. Nataka jina langu lisafishwe palepale lilipochafuliwa, kwenye karatasi. Na usipige simu. Kwenye simu unajua kunichekesha.

Mama Chiriku


11 Machi

Mama Chiriku mpendwa,

Habari za tangu siku zile? Namshukuru Mungu umenijibu, hata kama umenijibu kwa rungu. Huku tu wazima. Paa la jikoni lilivuja, nimeliziba. Chiriku alikuja Jumapili na wanawe, akaongea toka mlangoni mpaka mlangoni, na wajukuu wamelirithi domo lile bila kupunguziwa hata herufi.

Habari ya utangulizi nimeisoma na nimeielewa. Tutaizungumza. Nami ninayo yangu moyoni, lakini tuyaache kwanza. Kazi ni nyingi na Novemba haiko mbali, kwa hiyo nakuletea nomino hamsini uzipitie. Wewe jicho lako lilikuwa kali kuliko langu, hilo sijawahi kulikataa mbele ya mtu yeyote.

Nyingine zinanitesa. "Regret" nimeiandikia vihusishi vitatu na bado sijaridhika. "Divorce" ikiwa kitenzi haitaki kitu, mtu anamwacha mtu basi, lakini ikiwa nomino inataka "from". Nilikaa na kadi hiyo asubuhi nzima. Nilipokuwa kijana nilidhani kuchagua kihusishi ni suala la kanuni, mtu akikariri kanuni amemaliza. Sasa naona kila neno lina tabia yake kama mtu, na tabia ya mtu huijui mpaka ukae naye. Wewe ulilijua hilo mapema. Mimi nilikuwa nakubishia kwa sababu nilipenda kukusikia ukibisha.

Nimeikosa sana sauti yako ikisema "hapana" kabla sijamaliza sentensi.

Wako,
Baba Chiriku


2 Aprili

Baba Chiriku,

Sijambo, na wewe usiwe na jambo. Hongera kwa paa.

Kadi zako hamsini nazirudisha. Nilizitia kabatini siku ya kwanza nikaapa sitazigusa, siku ya tatu nikazitoa. Nilizipitia zote juu ya meza ndogo ya kulia, nikisoma kwa sauti na kujigongea mwenyewe. Nilipofika ya kumi na tisa fundi cherehani alifungua mlango, akanikuta peke yangu. Alidhani nabisha hodi ukutani kwake. Nikamweleza, akakaa, akaanza kugonga na yeye. Hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini alipatia sita. Anasema anasikiliza neno likiishia hewani.

Arobaini na moja ziko sawa. Tisa nimezirekebisha kwa penseli. Hii ya "regret" usihangaike, acha vyote vitatu, inategemea mtu anajutia nini na mbele ya nani. Lakini hii ya "apology" imenichekesha mpaka fundi akaja tena. Neno hilo linataka vihusishi viwili, kimoja cha mtu unayemwomba radhi na kimoja cha kosa ulilofanya. Wewe umeandika cha mtu tu. Cha kosa umekisahau.

Nakiri nilifurahi siku hizo tatu. Nilikumbuka tulivyokuwa tukianza saa tisa, wanafunzi wakishaondoka, chaki bado zipo kwenye vidole, na Chiriku chini ya meza akiyapa majina miguu yetu. Sikuwahi kuwa na kazi niliyoipenda kama ile, wala mtu wa kufanya naye kazi aliyenifaa kama wewe. Nimekaa miaka kumi na mmoja bila kumwambia mtu hivyo, na ninakwambia wewe kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimelegea.

Utangulizi sijauona. Sahihi sitii.

Mama Chiriku


19 Juni

Baba Chiriku,

Hujambo huko? Ni miezi miwili na nusu sasa, hata neno. Nilimuuliza Chiriku kama presha imekulaza, akasema la, uko mzima, umenyoa ndevu, unaandika na kuchana, unaandika na kuchana, na akikuuliza unaandika nini unamwambia achunge watoto wake.

Kama ni nomino, usizichane, zilete nizione. Kama umekasirika kwa ajili ya ile kadi, kasirika kwa maandishi. Kimya chako nakijua toka tukiwa nyumba moja, kilikuwa kinaanzia kwenye kikombe: ukikiweka bila kukikoroga najua hatutaongea mpaka kesho yake. Kwa mbali sikioni kikombe, kwa hiyo siwezi kujua ni kimya cha aina gani.

Mchapishaji naye kaniletea ujumbe. Nimemjibu kwamba mpira uko kwako.

Mama Chiriku


30 Agosti

Mama Chiriku,

Nakusalimu kwa heshima. Afya yangu ni nzuri, na nina usingizi sasa, kitu nilichokuwa sina toka Machi. Natumaini goti na mwenye goti wote ni wazima. Samahani kwa kimya. Hakikuwa cha hasira.

Utangulizi niliuandika mara kumi na saba. Kila mara nilikuta nimeweka neno la kujikinga, "labda", au "kwa bahati mbaya", au "katika haraka ya uchapaji". Nikachana. Wa kumi na nane ulitoka mfupi, na kabla sijakutumia niliona nikaupime pale ulipostahili kusemwa mwanzoni. Mwezi wa saba palikuwa na mkutano wa walimu. Si ukumbi ule, ule ulibomolewa, lakini walimu ni walewale wa siku zote, nusu wanasikiliza na nusu wanasahihisha madaftari mapajani. Niliomba dakika tano. Nilisimama nikasoma hivi:

"Katika chapa ya tatu ya kitabu hiki, vitenzi kumi na vinne vilipewa vihusishi visivyo vyake. Sura ya vitenzi ilikuwa ya mwenzangu, naye aliiandika sawasawa. Mimi niliibadili kiwandani, akiwa hayupo, bila kumwuliza, kwa sababu nilijiona najua zaidi yake. Sikujua zaidi yake. Nilipoulizwa hadharani, nilisema vitenzi ni vyake nikanyamaza, na lawama yangu akaibeba yeye. Namwomba radhi kwa kosa hilo, na nawaomba radhi wote waliojifunza vibaya kwa ajili yangu."

Vijana wengi hawakujua ninazungumzia nini. Lakini wa miwani alikuwepo, mzee sasa, ameketi mbele. Akaniuliza, "Sasa mbona siku ile hukusema?" Nikamjibu niliogopa kuchekwa na watu ninaowafundisha. Akatikisa kichwa akasema, "Basi tulimcheka yeye." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia mzee mzima, na mlinzi wa geti akaniletea maji.

Mchapishaji nimemkabidhi utangulizi. Ameupanga ukurasa wa kwanza, jina lako limetangulia langu. Nilikosa, Mama Chiriku. Nilikosa sana, na nilikukosa wewe zaidi.

Baba Chiriku


4 Oktoba

Baba Chiriku,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Wa roho sijui niseme nini.

Barua yako ilifika siku ya tano ya mwezi uliopita. Imepita karibu mwezi nimeiweka chini ya kitambaa cha meza, na kila nikila nakula juu yake. Nilimsomea fundi, akapiga vigelegele mpaka wateja wakaingia kuuliza nani anaolewa. Watu wawili wa zamani walinipigia simu. Mmoja ni kati ya wale walionibandika lile jina. Aliniomba msamaha huku analia, nami nikamfariji, na kadiri nilivyomfariji nikazidi kujiona mnafiki.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikiwaza siku hii. Nilidhani nitacheka. Sikuweza, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia kwa nini.

Niliporudi kutoka kumuuguza mama, prufu ya mwisho, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, ililetwa nyumbani. Unakumbuka kwamba msomaji wa mwisho nilikuwa mimi. Ilikuwa Alhamisi, umepindua baiskeli uani unaziba pancha na kupiga mluzi. Nikafika ukurasa wa tisa nikaona "discuss" na mzigo wake. Nikaweka nukta ya penseli pembeni, kama nilivyokuwa nikiweka siku zote mahali pa kurudia. Nikaendelea. Nilipomaliza, nukta zilikuwa kumi na nne, zote kwenye sura yangu, na nikaelewa kwamba nilipokuwa nikimgeuza mama kitandani, wewe ulikuwa ukinigeuzia kazi yangu. Hata hukuniambia. Ulikuwa unapiga mluzi.

Ningeweza kukuita. Kalamu ilikuwa mkononi, ni kazi ya robo saa. Badala yake nikachukua kifutio nikazifuta nukta zote, nikaandika chini "Imesomwa", nikatia sahihi. Nilitaka uaibike, mara moja tu, watu wakuone kwamba hujui kila kitu. Nilisahau kwamba juu ya sura ile palikuwa na jina langu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na nilipoingia nikapiga kelele kwamba nimesukumwa.

Ulinikosea, hilo silirudishi. Lakini watoto wa miaka ile walijifunza vibaya kwa mkono wako na kwa mkono wangu. Umesimama mbele ya watu ukabeba yote, na mimi nilikuacha uyabebe mara mbili: mwezi wa saba, na mwezi huu mzima nilioumaliza nikipokea pongezi.

Utangulizi huo mwambie mchapishaji autoe. Siwezi kutia sahihi chini yake, si kweli tupu. Na kama baada ya haya hutaki tena jina langu kando ya lako, kitabu na kife, nitaelewa.

Nisamehe.

Mama Chiriku


25 Oktoba

Mama Chiriku,

Pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa kitako. Mimi mzima, presha leo imetulia kuliko hata ya daktari mwenyewe.

Nilijua.

Wiki moja baada ya ule mkutano wa kwanza, kiwandani walituletea furushi la prufu zote, kama walivyokuwa wakifanya kila chapa. Hukuwepo, ulikuwa shuleni. Nilizifungua nikitafuta pa kujificha, nikitumaini nitakuta kosa ni la mpanga herufi. Nikafika ukurasa wa tisa, nikauinua dirishani. Kifutio chako hakijawahi kufuta vizuri, Mama Chiriku. Karatasi ilikuwa imechubuka, na katikati ya mchubuko nukta inaonekana. Nikahesabu zote, kumi na nne.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Nikasema, kumbe aliona akaniacha nidumbukie. Ndiyo maana ulipobeba kadi zako na kutoka, sikukuzuia mlangoni. Ulidhani sikukujali. Nilikuwa nimekaza meno nisiseme, kwa sababu kulisema lako ningelazimika kwanza kulisema langu. Tukaachana hivyo, kila mmoja ana siri ya mwenzake, na Chiriku analia katikati hajui amshike nani.

Hasira ilinichukua miaka miwili hivi. Iliyobaki tisa ilikuwa aibu tu. Nilikuja kuona kwamba usingefuta nukta zile kama mimi nisingekwenda kiwandani kwanza. Mwenye kosa la kwanza hana uso wa kulalamikia la pili. Kwa hiyo niliposimama mwezi wa saba sikuwa nakubebea mzigo wako. Nilibeba wangu, na wako niliuacha ulipo, kama mwenyewe atataka kuuchukua. Umeuchukua. Sikutegemea, na nimekaa na barua yako toka juzi nikiona fahari kwamba niliwahi kuwa mume wa mtu wa namna hii.

Nimekwenda kwa mchapishaji nikautoa utangulizi. Anasema mwisho ni mwezi ujao tarehe thelathini na hasogezi hata siku. Nimejaribu kuuandika mpya wa watu wawili, lakini nikiandika sehemu yako natumia maneno laini mno, nikiandika yangu nazidisha ukali. Siwezi peke yangu. Tena zipo nomino thelathini ambazo sijui kama ni waseja au zina mwenza, na hapa hakuna wa kugonga meza.

Prufu ninayo bado. Sijamwonyesha mtu.

Baba Chiriku


6 Novemba

Baba Chiriku,

Nimekaa kitako kama ulivyoniagiza, na ilikuwa vizuri nimekaa.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijificha kwako, kumbe mlango uko wazi na wewe umekaa kizingitini unatazama. Sijui nikasirike au nifanye nini. Nimecheka, nimelia, fundi ameacha kuja kuuliza.

Nakuja Jumamosi. Prufu hiyo usiichome, nataka kuiona kwa macho yangu kabla hatujaandika neno. Utangulizi tutauandika pamoja, wewe useme yangu na mimi niseme yako, halafu tubadilishane na kukata. Tutaandika kwa wino.

Barua hii usiijibu, jibu lako litanikosa. Mwambie Chiriku nitakaa siku tano. Zikizidi, asiulize maswali, ni utangulizi tu umekuwa mrefu.

Mama Chiriku